Sanduku la Posta Lile Lile

Dada yangu,

Natumaini shemeji ameanza kukaa kitandani bila kushikwa. Sisi tu wazima. Mama analalamika hupigi simu, halafu anakusifia kwa kila jirani. Paka amezalia kwenye droo ya mashati yangu.

Dada, kuna jambo limenikaa kooni. Unajua kazi yangu ni kukagua kampuni zinazoomba zabuni za serikali. Iliyofungiwa kwa kuvunja sheria haitakiwi kupita. Hiyo inayojenga zahanati, alikoanguka shemeji, ilifungiwa mwaka juzi kwa kupandisha mafundi juu bila mikanda. Ikarudi na jina jipya, lakini sanduku la posta lilikuwa lile lile. Nililiona, dada. Ila wewe ulikuwa umeniambia, "Kaka, wakiipata zabuni hiyo, mume wangu wameshamwahidi kazi." Nikagonga muhuri.

Jumatatu nampelekea mkubwa wangu faili, pamoja na maelezo yangu. Atakachoamua, sitalalamika.

Kila ukiniandikia, unaniambia shemeji ananishukuru kwa kazi ile. Msomee barua hii, ili aache.

Mimi kakako