Parashoki ya Muzee Bahati

Papa,

Mambo ya Jumanne nimeyaandika kwenye shajara yangu kama kawaida. Lakini shajara haicheki, na jambo hili linataka mtu wa kulicheka naye.

Tangu tukuzike, garaji iko mikononi mwa Baba mudogo. Siku ya kutoa matanga familia ilimkabidhi nyundo yako, kwa sababu yeye ndiye mwanaume aliyebaki. Sasa anaitembeza mtaa mzima wa Mapendo kama fimbo ya chifu.

Vita vilipofika mji wa Kiwanja, mama mmoja wa huko, Mama Furaha, alikimbilia kwetu kwa miguu na watoto wake. Mama akawaruhusu watundike turubai juu ya sementi yako ya garaji, ile uliyomwaga ili mgongo wako usilale kwenye mawe ya volkano ukiingia chini ya magari. Baba mudogo hakupenda. Alikuwa anatafuta sababu tu ya kuwafukuza, na mteja wetu Muzee Bahati akamletea: gari lake la jipu liligonga ng'ombe, parashoki, ile bampa ya mbele, ikashuka upande wa kushoto.

Baba mudogo aliipiga nyundo kwa mbele, akachukua kijiti, akapima kila ncha yake kutoka chini ardhini. Kutoka chini, Papa! Hapa Goma, ambako hata sufuria haisimami bila kuwekewa jiwe! Tairi moja lilikuwa juu ya nundu, lingine shimoni. Kijiti kikasema ni sawa. Gari liliposhuka barabarani, Muzee Bahati alizunguka mbele, akatazama.

"Weye, ulitengeneza gari ao uliifundisha kucheka upande moja?"

Unajua Baba mudogo alijibu nini?

"Ni juu ya sima. Bale batu balikalia sima yangu. Parashoki haiwezi kunyooka juu ya mawe. Kesho batoke!"

Sima yangu, yaani sementi yako, Papa! Mtu ambaye hajawahi kulala chini ya gari, isipokuwa ile Noeli aliyolewa.

Mama Furaha alianza kukunja blanketi. Hapo, Papa, nilikutaka. Nilikutaka usimame pale mlangoni, hata bila kusema kitu.

"Gari inapimwa juu ya gari," ulikuwa unasema, uzi umeubana kwa meno. Nikaenda kuuchukua. Nililegeza nati, nikanyoosha kwanza shikizo lililopinda nyuma ya parashoki, ambalo yeye hakuliona kwa sababu angelazimika kuinama. Kisha nikavuta uzi kutoka taa hadi taa, nikapima kutoka kwenye uzi kushuka hadi parashoki, palepale juu ya mawe, jipu limeinama kama mlevi ukutani. Baba mudogo alisimama na nyundo akinishauri. "Polepole, mutoto." Hakujua hata nilikuwa nafanya nini.

Muzee Bahati aliendesha mpaka mtaa wa Himbi, akarudi, akashuka kuangalia tena, akamgeukia Baba mudogo.

"Iko sawa. Na ile sima ulitaka ya kufanya nini?"

Baba mudogo alisema mvua inakuja, akaondoka haraka. Jua lilikuwa linawaka. Nyundo yako aliisahau juu ya tairi, na sijamrudishia. Mama Furaha akakunjua blanketi.

Pumzika, Papa. Nakuahidi: maadamu uzi wako uko nami, hakuna atakayefukuzwa kwenye sementi yako kwa ajili ya gari. Na Baba mudogo akiitaka kweli sementi hiyo, aje kwanza alale pale na wale watoto, turubai likimvujia usoni.

Binti yako,
Kavira