Ekari Arobaini za Kwakoa

Same,
Novemba 27.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la mama limepata nafuu kwa zile dawa za hospitali ya Gonja, ingawa najua bado anakataa kupumzika kama alivyoagizwa. Mimi afya ninayo. Hapa Same upepo ni uleule wa kumwaga vumbi kwenye chai, na watu ni walewale wa kuinywa bila kulalamika. Uliniuliza kwa simu kwa nini siku hizi najibu kwa mkato. Nimeona nikuandikie, maana haya nisingeweza kuyasema nikisikia sauti yako.

Nianze na ofisi. Unawaambia watu wa usharika kwamba binti yako analinda msitu kutoka angani. Baba, anga lenyewe ni chumba kimoja chenye feni mbovu na kompyuta mbili. Kila baada ya siku chache setilaiti inapita juu yetu na kupiga picha. Kompyuta inalinganisha picha mpya na ya zamani, na palipopungua ukijani inapawekea doa jekundu. Kazi yangu ni kulitazama doa hilo na kusema kama miti imekatwa. Bosi wangu, Godwin, hajakanyaga msitu wowote tangu nimfahamu. Ana suruali ya mifuko minane na buti ambazo hazijawahi kuona tope. Kazi yake ni semina. Anawaonyesha wageni madoa yangu ukutani kwa projekta, wanatikisa vichwa kwa masikitiko, halafu wanakwenda kula kuku.

Mwezi wa nane lilitokea doa kubwa, ekari arobaini, katika ule msitu mkavu wa hifadhi ulio chini ya Kwakoa. Nililinganisha picha ya Mei na ya Agosti, nikaandika kwamba msitu umefyekwa. Wala sikushangaa. Unajua sisi wa milimani tunavyowaona watu wa nyika. Tumekua tukisikia kwamba huko chini wanajua kuchoma mkaa na kuswaga mbuzi, basi. Godwin alifurahi kama aliyepata mtoto wa kiume. Askari wakatumwa. Nao, kwa jua lile na miiba ile, hawakuingia ndani hata hatua kumi. Walisimamisha gari barabarani, wakapiga picha ya vijiti vitupu kwa mbali, wakamkamata mtu wa kwanza aliyetokeza. Alikuwa Vitus, mrina asali wa pale kijijini, ana panga kiunoni na kamba begani. Aliwaambia ametoka kukagua mizinga yake. Wakamwambia atakwenda kueleza mbele ya safari.

Mwezi wa kumi niliitwa mahakamani kama shahidi mtaalamu. Nilivaa lile gauni la bluu uliloninunulia nilipohitimu. Nikasema setilaiti haina ndugu na haipokei rushwa, maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Vitus akaomba kuniuliza swali. Kwa upole, akiniita mama, akauliza kama nimewahi kufika kwenye msitu huo. Nikajibu kwamba kwa kazi yangu si lazima. Akaieleza mahakama kwamba miti ile ni mibambara, haijakatwa. Kiangazi huangusha majani yote ikasimama kama imekufa, na tukingoja mvua mbili tu tutaona wenyewe. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kwetu Myamba msitu ni kijani Januari hadi Desemba, na mti usio na majani tunauita kuni. Akafungwa miaka miwili.

Mvua za vuli zilianza wiki mbili zilizopita. Picha mpya ilipoingia, doa halikuwepo. Ekari arobaini zote kijani kitupu. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba msitu uliofyekwa hauoti kwa wiki mbili. Godwin hajui. Aliitazama picha, akapiga makofi, akasema hayo ndiyo matunda ya kukamata wahalifu, msitu umepona! Ameniagiza niwaandikie wafadhili taarifa ya mafanikio, yenye picha ya kabla na ya baada. Nilimweleza mara mbili kwamba hakuna kilichokatwa. Akanijibu nisiwe mtu wa kukatisha wenzangu tamaa, na akaagiza keki.

Baba, ningeweza kuishia hapa, tukamcheka Godwin mimi na wewe. Lakini Godwin ni mjinga tu, na mimi siyo. Siku mbili kabla ya kutoa ushahidi nilifungua picha za miaka mitano nyuma. Kila Agosti doa ni lilelile, mahali palepale, na kila Desemba halipo. Nilielewa papo hapo. Nikazifunga zile picha, nikaenda kupiga pasi gauni. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Niliona aibu tu, mimi mwenye shahada, kusahihishwa na mrina asali wa Kwakoa. Kwa hiyo Vitus alipokuwa anajitetea, nilijua kwamba anasema kweli, na ndipo nikacheka. Najidharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote.

Jumamosi nilishuka Kwakoa, mara ya kwanza maishani mwangu. Mke wa Vitus, Beatha, alidhani nimetumwa na parokia kumjulia hali. Alinipa kigoda, akaniletea asali kwenye sahani, akaniomba radhi kwamba ni kidogo kwa kuwa hakuna wa kupanda kwenye mizinga. Nikaanza kula. Kisha nikamwambia mimi ni nani, na nilichokijua. Alinyoosha mkono, akaichukua sahani kutoka mapajani mwangu, akaenda kuwapa watoto wake.

Jana nimempelekea wakili anayeisaidia familia ya Vitus zile picha zote, pamoja na maelezo niliyoyaapia, yenye kila nililokuandikia hapa. Anakata rufaa wiki hii. Kudanganya mahakama nako kuna kifungo chake, na wakili hakunificha hilo.

Mama ameniambia kwamba Jumapili ya tatu ya Majilio utasimama kanisani kutoa shukrani kwa ajili ya kazi yangu, na jogoo wa kunadiwa umeshamtenga. Mrudishe bandani, baba. Na kama ni lazima usimame kwa kuwa umeshawatangazia watu, basi wasomee barua hii yote. Pale niliposema tunavyowaona watu wa nyika, usiruke.

Mpe mama salamu zangu, umweleze taratibu. Majirani nao wasalimie, watakaokubali salamu zangu ukishawasomea.

Ni mimi binti yako,
Careen.