Kwa Susan, Kwenye Maji Moto

Jumatano, 5 Februari 2014
Amenipiga tena. Gitonga, mume wangu, mpiga kinanda wa kanisa! Mkanda, upande wa chuma, mgongoni na usoni. Kisa? Uji umepoa. Safari hii sikunyamaza — nilimvunjia mwiko kwenye paji la uso, damu ikamwingia jichoni, nikafurahi. Naandika hivyo hivyo: nikafurahi. Kisha akanikanyaga mgongo mpaka nikaona nyota.

Polisi? Mama Mumbi, mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, alishanionya. Ukipiga simu, Gitonga atarudishwa Kenya, na watu wote watasema ni wewe. Vumilia, mama, ndoa ni kuvumilia. Vumilia wewe!

Alhamisi, 6 Februari
Susan amepiga simu. Tulifanya kazi pamoja nyumba ya wazee. Sasa anasafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni huko kaskazini, msituni, ya mama mmoja wa Kijapani. Watu huenda kule kuoga maji moto tu! Kitanda kipo. Anasema wanaoga uchi, wanawake kwa wanawake, hata chupi hairuhusiwi. Nikamwambia mimi nitalala tu, asante.

Funguo za gari Gitonga analala nazo chini ya mto. Haidhuru. Mji wetu huu, Brooklyn Park, una basi.

Ijumaa, 7 Februari
Gitonga kaingia bafuni, mimi nikatoka. Viatu vya kazini, mfuko mmoja wa plastiki. Basi hadi mjini Minneapolis, halafu basi kubwa la kuelekea Duluth. Kila mwanamume aliyepanda, moyo ulinipiga teke. Nikashuka kituo cha petroli, baridi inachoma masikio kama pasi. Hapo nikangoja kibasi cha kaunti, ambacho Susan alikiagiza jana kwa simu.

Dereva, mzee wa Kizungu, akauliza uso umefanywa nini. Mlango, nikasema. Akasema mlango huo angeung'oa pamoja na bawaba zake. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumpiga — nani kamwomba huruma?

Kibasi hakiingii msituni. Kipande cha mwisho nimekitembea, theluji hadi magotini, namtukana Gitonga kwa Kimeru. Kila hatua na tusi lake.

Susan kanipokea akilia. Majini sikwenda. Nikamwandikia Mama Mumbi: nimefika salama, niko kwa Susan, niombee. Jina la mahali pia nikaliweka. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hafiki mahali akanyamaza.

Jumamosi, 8 Februari
Mjinga mimi! Mjinga kabisa!

Mchana gari la kanisa limeingia uani. Mama Mumbi mbele, thermos ya chai mkononi. Nyuma yake Gitonga, bandeji usoni, na lile tabasamu lake la Jumapili.

"Nkatha, tumekuja twende home," Mama akasema. "Ameomba msamaha mbele yetu sote."

Hakuona ubaya wowote. Binti amekwama kwenye theluji, basi apelekewe mumewe!

Nikashika shoka la kuni. Kweli nililishika, na kichwa cha Gitonga nikakipimia. Akacheka: "Utafanya nini na hilo?" Mama wa Kijapani akatokea, akalitoa mkononi mwangu polepole, akanionyesha mlango wenye pazia jekundu. Wanawake tu.

Nikamwambia Mama Mumbi, ukitaka tuongee, tuongee majini. Peke yako.

"Mimi nivue nguo? At my age?"

"Basi rudi naye."

Akanifuata. Susan akafunga mlango kwa ndani.

Nilivua kwanza, nikampa mgongo aone kazi ya mkanda. Nikasikia zipu. Nilipogeuka — toka begani hadi kiwikoni mwake, ngozi yote imekunjamana, ya kuungua, ya zamani. Miaka yote hiyo hajavaa mikono mifupi, nami nilidhani ni ulokole!

"Wangu alinimwagia maji ya ugali," akasema. "Yakichemka."

Akasimama ukingoni muda mrefu, anayaogopa. Halafu akaingia, akiuma mdomo.

Naandika kwenye chumba cha kuvulia nguo, nimejifunga taulo. Gitonga aligonga kwa adabu, sasa anapiga mateke. Mbao zinalia. "Mama Mumbi, nitolee huyo!" Mama yumo majini hadi shingoni. Susan ananiuliza mimi: awapigie polisi simu? Namgeukia Mama Mumbi.

"Piga," Mama Mumbi amesema kutoka majini. "Na wakiuliza huko kanisani, ni mimi nimesema."

Susan anapiga. Bawaba ya juu imeng'oka.