Kwa Baba: Sehemu ya Filamu Uliyotuficha

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache. Mtaani bado wanakuita Zima Taa, jina ulilolipata kwenye chumba cha mashine ya kuonyeshea filamu pale sinema, ukabaki nalo hata sinema ilipogeuzwa ghala la magodoro.

Hukuwa mtu wa makuu. Mashati yako ulipiga pasi mwenyewe, na kila sufuria ulionja chumvi bila kuombwa. Jirani akija na redio mbovu, yake ilipona kabla ya yetu. Mama alilalamika mpaka akachoka.

Filamu kwako ilikuwa moja tu: ile ya Kiitaliano, ya mwokaji mikate na mkewe. Kanda yake ya video pale nyumbani ilikuwa imechakaa, watu wote kama wamesimama kwenye mvua, nawe ukitutafsiria Kiitaliano ambacho hukukijua. Mwokaji akirudi kutoka vitani, mkewe akimfungulia mlango, ulikuwa unainuka na kuzima video. "Haya, imekwisha! Nani anawasha taa?" Tulikwenda kulala tumeridhika, na tumekua tukiamini kwamba inaishia pale.

Mwezi uliopita mkweo, yule fundi umeme uliyemtania kwamba anaogopa umeme, alileta diski mpya. Filamu imesafishwa hadi unga unaonekana kwenye kucha za mwokaji. Tulikaa sote na Mama. Mlango ulipofunguliwa tukaanza kuinuka, lakini picha ikaendelea. Kumbe mwokaji alirudi mgonjwa, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Kifungua mimba wako akanyakua rimoti.

"Tuzime, Mama?"

"Iache. Kaa chini."

Mwokaji alimtuma mkewe kisimani. Aliporudi na maji, alimkuta amekata roho.

Hakuna aliyethubutu kumtazama Mama. Maana nawe siku ile hospitalini ulimwambia, "Hebu nenda nyumbani ukaniletee lile shuka la bluu, haya ya hapa yananiwasha." Alirudi nalo mkononi, wewe umeshaondoka. Mwaka mzima amejilaumu kwa nini alikwenda. Tulimbembeleza kwa kila lugha, hakusikia la mtu.

Basi Mama alicheka, Baba. Alicheka machozi yakimtiririka, akajipiga paja. "Mjanja yule! Na mimi nilivyokwenda mbio mbio kutafuta shuka! Kumbe alinitoa makusudi, kama yule mwokaji wake." Kisha akalia kweli, tukalia naye, na chai ikapoa. Tangu siku hiyo hajauliza tena kwa nini alikwenda.

Tunakukosa sana. Unakumbukwa na mkeo. Binti zako wawili na mwanao wa mwisho. Mkweo fundi umeme. Dada yako mshonaji. Na wajukuu, ambao sasa wanabishana mwisho upi ni wa kweli. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.

Mama ametuagiza tumalizie hivi: siku mtakayokutana tena, usimtume kitu, haendi popote.