Kuta za Baba Mteremkoni

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Kazi inakwendaje, na kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuachia? Mama hajambo, mimi sijambo, wenye malalamiko ni mbuzi tu.

Sikutaka kukuandikia haya, ila nimechoka kuyameza. Lile korongo la juu ya shamba limeshuka. Mwaka jana nililivuka kwa hatua moja. Sasa nikisimama ndani yake, mtu aliye pembeni haoni kichwa changu. Mahindi ya juu yalifika magotini, yakageuka njano, basi. Nilichimba nione kuna nini, jembe likagonga mwamba kabla halijazama hata nusu.

Mama naye ana lake. Mvua ikikatika tu anashuka na karai mpaka mwisho wa korongo, anajaza udongo uliotuama pale, anaupandisha kichwani na kuumwaga shambani. Karai tano, sita kila asubuhi. Mvua inayofuata inaushusha wote. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Nani kakuambia nimechoka?" Ana miaka sabini na mbili.

Haya yote yalianza mawe yalipotoka. Omba ruhusa uje uone mwenyewe.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma juu ya jukwaa la ujenzi, nikapindisha safu nzima ya matofali. Mimi mzima. Kikohozi kipo, tumeshazoeana.

Unaposema "mawe yalipotoka" unanisema mimi. Sawa. Nilibomoa kuta mbili za juu alizojenga Baba kuzuia udongo wa shamba, nikajengea msingi wa nyumba ya Mama. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, ndiyo kwanza nimejua kushika mwiko, na mawe yalikuwa pale pale, mazuri, yamekaa sawa. Baba alikuwa hoi kitandani. Nilimwomba ruhusa, akageukia ukutani. Nikachukulia kwamba amekubali.

Hapa kazini kuna mama mmoja mpima udongo. Nilimwuliza udongo ukishaondoka hurudi baada ya muda gani. Akaokota jiwe, akanionyesha linavyobanduka ganda kwa ganda kwa jua na mvua. "Hiki ndicho kinachogeuka udongo, fundi," akasema. "Udongo wa unene wa kidole gumba unaweza kuchukua mamia ya miaka." Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Ruhusa sijapata, tunamwaga zege la ghorofa ya tatu. Mzuie Mama.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Huku afya tunayo, mgongo tu ndio haunitii.

Ndiyo, nilikusema wewe. Nimekusema kimoyomoyo miaka kumi na minne, kila ninapoinama kupalilia. Lakini jana nilimsomea Mama barua yako. Akasema, "Mwambie nyumba niliiomba mimi. Nilichoka kunyeshewa ndani. Niliyaona mawe yakibebwa, na maji ya kuchanganyia saruji nilimchotea mimi." Akachukua karai lake akatoka.

Kumzuia siwezi. Tumegawana kazi: yeye anajaza, mimi napandisha, angalau shingo yake ipone. Kingo za korongo zinameguka kila siku. Njoo. Wewe unajua kujenga, sisi tunajua kubeba tu.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi sijambo.

Nimepata siku kumi kuanzia tarehe 28. Kabla ya hapo wananipeleka kwenye daraja huko mbali, kusikofika gari la abiria, kwa hiyo barua zitanikuta nikirudi. Mwambie Mama nakuja kujenga upya kuta zote mbili. Najua Baba zilimchukua misimu tisa. Nitaanza tu, mengine nitamalizia likizo zijazo. Aweke karai chini aningoje.

Mdogo wako


22 Mei

Mdogo wangu,

Leo sijui nikusalimu vipi. Mama hatunaye. Tumemzika tarehe 19. Nilimpa dereva wa basi ujumbe, akarudi nao: fundi yuko darajani, hakuna aliyejua pa kukupata. Tulikungoja siku mbili.

Barua yako iliingia asubuhi ya tarehe 17. Nilimsomea, akafurahi. Nikamwambia unataka aweke karai chini. Akasema, "Tumsogezee udongo kidogo, asije akajenga ukuta usio na cha kuzuia." Tukashuka. Nilikuwa nimepandisha karai la tatu niliposikia kishindo. Ukingo wote ulikuwa umemwangukia. Tulimfukua kwa mikono, mimi na jirani wa bondeni. Alikuwa ameshakata roho.

Tulichimba kaburi karibu na Baba. Magotini tu, mwamba. Tukahamia nyuma ya nyumba, mwamba. Wachimbaji waliweka sururu chini wakanitazama. Ndipo jirani akasema, "Mleteni kwangu. Udongo wenu wote uko huku." Kule sururu ilizama bila kelele. Udongo mweusi, laini. Nilikuta humo kigae cha chungu alichokivunja Mama shambani nikiwa msichana.

Kama ningekataa kumbebea, pengine asingeshuka. Hilo silitoi kichwani. Binti yangu amekuja kunichukua nikakae kwake. Siwezi kusikia mvua nikiwa hapa. Ufunguo uko kwa jirani.

Dada yako


4 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na pole, ingawa pole ni yetu sote. Unakula? Unapata usingizi?

Barua yako niliikuta kazini nilipotoka darajani. Niko nyumbani sasa. Nilikaa kaburini kwa Mama mpaka jua likaniunguza shingo. Kisha nikapanda na nyundo, nikaanza kuubomoa msingi wa nyumba. Jirani akaja akanishika mkono. "Mama yako aliipenda nyumba hii," akasema. "Usimnyang'anye." Nililia mbele yake, sikuona haya.

Msingi nimeuacha. Mawe sasa yapo tele, shamba zima limebaki mawe. Kazini nimetuma neno wamtafute fundi mwingine.

Na wewe usijibebeshe. Angeshuka hata bila wewe, unamjua. Kama ungekuwa hapo chini, ningekuta makaburi mawili.

Ukuta wa juu umefika hatua thelathini. Nyuma yake bado hakuna kitu. Nimekwama pale ulipokuwa unapinda, sikumbuki ulipindia upande gani. Wewe ulikuwa ukimpokeza Baba mawe. Mimi niliyang'oa tu, sikuangalia. Mvua zikikatika, njoo unionyeshe.

Mdogo wako