Usiitume Hiyo Mota

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele, mlango nimeufunga,
Tarehe 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, wifi yangu na watoto. Lile jino lililokuwa likikusumbua limetulia, au bado unalionea huruma badala ya kwenda kuling'oa? Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu unauma kidogo kwa kuinamia msasa, lakini huo si ugonjwa, ni kazi. Baba anakula vizuri, anatembea hadi barabarani na kurudi, na ubishi wake haujapata hata mafua.

Sasa nakuja kwenye hilo lako. Ningekupigia simu, lakini unaijua nyumba hii, kuta zake hazizuii hata kikohozi, na masikio ya Baba bado ni makali. Kwa hiyo naandika. Isome ukiwa peke yako, na usimsomee mtu kwa kicheko kama ulivyozoea kufanya na barua zangu.

Umemwahidi Baba mota mpya ya msumeno wa meza. Nguvu za farasi watatu, eti kwa sababu hii ya sasa imechoka. Nani alikwambia imechoka? Wewe uliyeondoka nyumba hii hujui kupigilia msumari wa kalenda, leo umekuwa daktari wa mota, tena wa kutibu kwa simu? Ukamtumia na video ya bwana mmoja mwenye aproni isiyo na hata chembe ya unga wa mbao, anapasua ubao mnene huku anatabasamu. Mtu anayepasua mbao kweli hatabasamu, mdogo wangu. Anaangalia vidole vyake.

Tangu video hiyo ifike hatuna amani. Baba amewatangazia majirani, amemtangazia muuza maziwa, amemtangazia hata yule mama wa msibani aliyekuja kuulizia jeneza. Ameshatoboa matundu ya boliti kwa ajili ya mota ambayo hajaiona. Kila gari likisimama nje anatoka kuangalia kama ni mzigo wako.

Halafu tuna shemeji yetu, huyu mnayemwita Injinia. Najua unamheshimu kwa sababu anaongea polepole. Mume huyo wa mdogo wetu anauza chaja na makava ya simu, na uinjinia alijipa mwenyewe siku alipofaulu kubadilisha fyuzi ya pasi. Penseli haimtoki sikioni, wala sijawahi kuiona ikiandika kitu. Yeye ndiye aliyemwambia Baba kwamba msumeno ukikwama katikati ya ubao basi mota haina nguvu, na wewe ukaitikia kutoka huko bila kuuliza swali. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tumejaliwa mawili.

Nikukumbushe mashine yenyewe, maana inaelekea umeisahau. Baba aliiunda kwa mikono yake, kwenye kibanda chake cha kazi, alipoacha kazi ya karakana: meza ya mbao ngumu, miguu ya chuma cha kitanda, na mota iliyotoka kwenye pampu ya maji. Ni ndogo, ndiyo. Ukisukuma ubao kwa pupa, au ukiupinda, mkanda unateleza, mota inalalamika, msumeno unasimama. Unavuta ubao nyuma, unajirekebisha, unaanza upya. Mimi ndiye ninayepiga msasa na kupaka vanishi kila kinachotoka pale, na sijauona ukisimama bila sababu. Huo mnaouita udhaifu ndio uliomwachia Baba vidole vyake vyote.

Injinia hakutaka kusikia hayo kutoka kwa mtu wa msasa. Jumamosi alikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, akaazima mota kubwa ya akiba, ili tujionee tofauti. Haikuenea mahali pa ile ndogo. Kwa hiyo mtaalamu wetu akaihamisha upande wa pili wa meza, akaifunga ikitazama kinyume, akajipangusa mikono na kuwaita majirani.

Unajua mota ikigeuzwa inazungusha vipi? Huenda hujui, na yeye hakujua. Msumeno ulizunguka kinyumenyume. Baba aliposogeza ubao, meno yakausugua kwa migongo yao, moshi ukapanda, kibanda kikanuka kuungua. Na bwana huyu, mbele ya watu wazima, akanyoosha kidole akasema, "Mnaona? Nguvu imezidi mpaka mbao inaungua!" Kuna waliopiga makofi. Mimi nilishika tama, sikujua nicheke au nimwage lile kopo la vanishi kichwani kwake.

Ni yule mwenye mashine ya kusaga aliyemwambia aigeuze. Wakahangaika nayo mpaka ikakaa sawa, na hapo ndipo mzaha ulipokwisha.

Baba alichukua ubao mrefu, akausukuma. Nguvu ilikuwepo, siwezi kukataa. Lakini ubao ulikuwa unakwenda upande, ukajibana nyuma ya msumeno, na hiyo mota yenu ya kifalme haikusimama kama ambavyo ile ndogo ingesimama. Iliunyakua ubao na kuurusha. Ulipita ubavuni mwa Baba, ukachana shati lake, ukatoboa mlango wa kibanda na kubaki umening'inia pale. Kisha Injinia akakohoa, akasema hiyo ndiyo maana ya nguvu. Nilimwambia mbele ya mkewe aichukue mota yake aondoke nayo, na sijuti. Alikasirika. Akasirike mpaka achoke.

Walipotawanyika niliuchomoa ule ubao mlangoni. Baba alikuwa ameuchorea mstari wa penseli kama kawaida yake. Msumeno haukuufuata ule mstari hata kidogo. Ulianza nao, ukauacha, ukaenda zake. Nikatazama chini ya meza, kwenye mbao anazosema ni za kuni, nikazikuta nyingi zimekatwa hivyohivyo. Huyu ni Baba, ambaye karakana nzima ilikuwa ikimletea mbao za milango apasue kwa jicho. Msumeno wake ulikuwa unakwama kwa sababu anaupinda ubao, na anaupinda kwa sababu mstari haumfikii.

Mota haina ugonjwa, mdogo wangu. Ni macho ya Baba. Mbele ya taa unaona mtoto wa jicho waziwazi, jicho la kushoto limeshakuwa na ukungu mweupe na la kulia linafuata.

Nilimuuliza. Nilitarajia matusi, nikawa tayari nayo. Baba aliendelea kupuliza unga wa mbao kutoka mezani, kisha akasema taratibu, "Ikiwa kubwa itakata upesi, mama. Sitahitaji kuangalia sana."

Hiyo ndiyo zawadi unayomtumia. Nimekasirika nawe tangu siku ile, na bado nina hasira.

Nilimwambia twende kwa daktari wa macho, siku hizi wanauondoa ukungu ule na mtu anarudi nyumbani. Akasema macho yake ni mazima, taa za kibanda ndizo hafifu. Akasema mimi ni mtu wa msasa. Nabii hakubaliki kwao, basi mimi nimekaa kwao mno. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kwa Baba ni fimbo ya mbali tu inayoogopwa. Wewe ukisema jambo kwa simu, hata la kijinga, yeye hulirudia kwa majirani wiki nzima. Sioni haki yoyote hapo, ila ndivyo ilivyo, na safari hii ujinga huo utatufaa.

Kwa hiyo usiitume hiyo mota. Mpigie Baba, wewe mwenyewe, si kwa ujumbe. Mwambie mota ipo, lakini haitoki huko mpaka daktari wa macho amtazame na amtibu. Akibisha, usicheke, wala usibadilishe mazungumzo kama unavyofanya mambo yakiwa mazito. Mwambie ndivyo utakavyo, ukate simu. Akishapona na akaitaka bado, nitaifunga boliti mimi mwenyewe bila kunung'unika. Nadhani hataitaka.

Najua utasema dada anatia chumvi. Basi sikia hili. Jana nilikifunga kibanda kwa kufuli. Ufunguo sikuuficha. Niliuweka mezani, kando ya kikombe chake cha chai, kwa makusudi, nikitaka auone, anifokee, tugombane tuyamalize. Baba alikunywa chai yake. Kisha akainuka kuutafuta ufunguo. Alipapasa mifuko, akapapasa juu ya kabati, akapiga magoti akapapasa chini ya mkeka. Alirudi akakaa palepale, mkono wake ukiwa umelala pembeni ya ufunguo, akasema leo hajisikii kufanya kazi. Nilitoka nje nikalia.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa alichotuma kilinitosha na kikabaki. Wabusu watoto, hasa yule mkaidi aliyerithi kichwa cha babu yake. Shangazi akipita kwako msalimie, ila usimwambie habari hizi, atazifikisha huku kabla yangu. Mdogo wetu anakusalimu, na mumewe naye, nadhani, kama amemaliza kununa.

Mungu awalinde nyote, na akupe wewe maneno ya kumwambia Baba, kwa kuwa mimi yangu yamekwisha.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikufokea.