Mashuka Uliyoniletea Kalamba

Mpendwa mwaitu,

Bado nakuita mama, ingawa mwanao aliniacha na kwa watu mimi si mkwe wako tena.

Nilipoolewa kwenu Kanyangi, miaka ya sabini mwanzoni, sikujua kutarizi. Ulinunua kitambaa cha marekani, tukakata mashuka mawili, ukanifundisha kushona maua mekundu pembeni. Maua yangu yalikuwa mabaya. "Fumua," ulikuwa ukisema. Nikafumua. Hukunisifu hata mara moja. Mashuka yalipokwisha uliyafua, ukayapitisha kwenye maji ya uji mwembamba, ukayapiga pasi ya makaa mpaka yakasimama kama karatasi.

Miaka mitano ikapita bila mtoto. Siku moja ya soko mwanao alileta mwanamke mwingine, akaniambia nirudi kwetu. Ulikuwa umeketi mlangoni ukichambua pojo. Uliendelea kuchambua. Niliondoka na nguo nilizovaa tu, na njia nzima nilikuchukia wewe kuliko yeye.

Wiki ya tatu ulifika kwetu Kalamba, sanduku kichwani, vumbi hadi magotini. Ukafungua sanduku, ukatoa yale mashuka.

"Nimeyatoa kitandani mwenyewe," ulisema. "Ulishona wewe. Hakuna mwingine atayalalia."

"Na mwanao atasema nini?"

"Ameshasema. Nimemwacha akisema."

Ulikunywa maji, ukakataa chakula, ukaenda. Sikukushukuru. Hatukuonana tena. Mashuka niliyatumia mpaka yakachakaa, nikayakata yakawa vitambaa vya kupangusia vyombo.

Habari ya kifo chako ilinifikia baada ya mazishi. Nilisikia, nikaendelea kupalilia mahindi. Machozi hayakuja, na sitadanganya kwamba yalikuja baadaye.

Kisha niliolewa tena, huku Kibwezi, na mwaka wa pili nikazaa msichana, mimi niliyeitwa tasa. Kwa desturi yetu alipaswa kuchukua jina la mama wa mume wangu. Nikakataa, nikataka jina la mtu mwingine. Wakaniwekea kikao, mpaka pasta akaitwa.

"Huyo unayemtaka ni nani wako?" mume wangu akaniuliza.

Nilisema tu kwamba mtoto ameshapata jina. Mkwe wangu alininunia mpaka mtoto akaanza kutembea.

Anaitwa Ndunge, mwaitu, kama wewe.

Pumzika.

Aliyekuwa mkaza mwanao